Gesi ya Sui na abiria wa Quetta

Mtu wa Mtwara hahitaji kufafanuliwa sana madai ya Wabaluchi kwamba gesi ya kwao huwanufaisha wengine kwanza. Gesi ya Sui, katika jimbo la Balochistan nchini Pakistan, iligunduliwa mwaka 1952 na bomba lake likafika Karachi mwaka 1955, ilhali Quetta, makao makuu ya jimbo hilohilo, ilisubiri hadi miaka ya 1980. Sisi tulioandamana mwaka 2013 tukisema gesi ya Mtwara haitoki, kisha mwaka 2015 tukashuhudia bomba la kwenda Dar es Salaam likizinduliwa, tunayaelewa manung'uniko hayo hata kama hatuafiki kila kinachofanywa kwa jina lake.

Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2024, mshambuliaji wa kujitoa mhanga alijilipua katika stesheni ya reli ya Quetta, abiria wakiwa wanasubiri treni, na watu wasiopungua 26 wakafa, wanajeshi na raia. Jeshi la Ukombozi wa Balochistan, BLA, linalopigania jimbo hilo lijitenge, lilikiri kuhusika, likadai kwamba lililenga wanajeshi waliokuwa wakirejea kutoka mafunzoni.

Dai hilo lina uzito kidogo, nalo lisipuuzwe. Kwa sheria za vita, askari hageuki raia kwa kuwa tu yuko safarini, na serikali inayowapakia askari wake kwenye mabehewa ya abiria wa kawaida, huku ikijua kuwa reli hiyo inawindwa, haiwezi kujivua lawama yote. Lakini sheria hizohizo humtaka anayeshambulia kupima madhara yatakayowafika raia, na bomu lililofungwa mwilini, likapenyezwa katikati ya watu wenye mizigo yao, halina namna ya kumbagua mwanajeshi na mfanyakazi wa reli. Aliyepanga saa na mahali alilijua hilo. Kwangu mimi, utetezi wa BLA unakatikia hapo.

Serikali ya Pakistan nayo imejifungia mlango ambao ungeisaidia. Mahrang Baloch, daktari wa Kibaluchi aliyeongoza maandamano ya amani ya kudai watu waliopotezwa, yaani wanaodaiwa kuchukuliwa na vyombo vya dola wasionekane tena, alikamatwa Machi 2025, siku chache baada ya BLA kuiteka treni ya abiria ya Jaffar Express. Anayeandamana akitiwa kapu moja na anayelipua, kijana wa Quetta atashawishiwa kwa hoja gani kwamba kuandamana kuna faida?

Hapa kwetu mwaka 2013 watu walikufa na nyumba zilichomwa, nami sitaupamba mwaka ule. (Treni hatuna, reli ya Nachingwea iling'olewa baada ya mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza kushindwa.) Ila basi la alfajiri linalotoka stendi ya Mkanaledi hubeba askari anayerudi kazini, mgonjwa wa rufaa na mchuuzi wa korosho katika safu moja ya viti, na huenda wote watatu waliimba kwamba gesi haitoki. Stesheni ya Quetta nayo ni ya Wabaluchi. Ndiko wanakopandia treni.