Mwavuli kwenye stempu si pambo tu

Kuna makala niliyosoma ambayo mwandishi wake anadai kwamba mwavuli huchorwa kwenye stempu kama pambo tu, nami sikubaliani naye. Katika stempu ya Hispania ya mwaka 1958 iliyonakili mchoro wa mwaka 1777 wa Goya, mchoraji wa Hispania, kijana ameinua mwavuli nyuma ya msichana aliyeketi, na kivuli kinachomwangukia msichana usoni ndicho kinachotuonyesha jua linatokea upande gani, ingawa jua lenyewe halionekani. Mchoro wa asili, ambao upana wake ni takriban mita 1.5, ulikuwa kielelezo cha wafumaji wa mapazia ya ukutani. Kwa Waasante nao, watu wa Ghana, mwavuli mkubwa ni alama ya cheo cha chifu; ukiuondoa, umemvua mamlaka.