Jumuiya ya Kikristo au kundi potofu? Kagua mlango wa kutokea

Tangu Aprili 2023, miili ya zaidi ya watu 400, wafuasi wa mhubiri aliyewataka wafunge hadi kufa, ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, Wakristo wowote wanaoishi pamoja kwa mfuko mmoja hutazamwa kwa jicho la shaka. Wapo wanaosema mtu akishauza shamba na kumtii kiongozi, tayari amenaswa. Wengine hujibu kwamba kwa kipimo hicho watawa wote ni mateka, na Wakristo wa kwanza wa Yerusalemu, waliouza mali zao na kugawana, wangekuwa wa kuchunguzwa na polisi. Pande zote mbili zina hoja, ila zote zinabishania ukali wa maisha, na jibu haliko huko.

Tazama Wabenedikto, shirika la watawa wa Kikatoliki. Mtawa hana mali yake binafsi, huamka mapema kusali, hufunga, humtii abate, yaani mkuu wa nyumba yao. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, ilimkataza hata kupokea barua ya wazazi wake bila ruhusa. Ukichukua orodha ya kawaida ya dalili za kundi potofu, abasia (nyumba za watawa) za Peramiho na Ndanda, Tanzania, zingetiwa alama nyekundu, ilhali zote mbili zimejenga hospitali zinazotibu watu wa kila dini.

Lakini soma sura ya 58 ya Kanuni hiyohiyo. Anayetaka kujiunga asipokelewe kirahisi. Abishe hodi siku nne au tano. Baada ya miezi miwili asomewe Kanuni yote na aambiwe: ukiweza kuishika, ingia, usipoweza, nenda zako ukiwa huru. Asomewe tena baada ya miezi sita, na tena baada ya minne. Hata akishaweka nadhiri, nguo alizokuja nazo zitunzwe, apate kurudishiwa siku atakapoondoka. Benedikto hakupenda mtu aondoke, alikuita huko kumsikiliza shetani. Nguo alizitunza hata hivyo.

Sheria ya Kanisa Katoliki leo inafuata njia hiyo: unovisi, yaani kipindi cha majaribio, usipungue miezi 12, kisha nadhiri za muda zisizopungua miaka 3, ndipo nadhiri za daima. Kabla ya nadhiri za kwanza mtu humkabidhi amtakaye usimamizi wa mali yake, lakini mali inabaki yake. Kwa hiyo anayeijua njia hiyo hawezi kuamka na kuuza kiwanja wiki aliyoguswa na mahubiri.

Kundi potofu hugeuza mpangilio huo: kuingia ni rahisi na ni haraka, kutoka ndiko kugumu. Haraka hiyo huletwa na tarehe ya mwisho wa dunia. Huko Kanungu, Uganda, wafuasi wa vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliuza mali zao wakiamini mwisho wa dunia umekaribia. Mwaka 1999 ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye miili mingine ikapatikana mashimoni katika maeneo mengine. Vuguvugu hilo lilikuwa limesajiliwa serikalini, na kati ya viongozi wake walikuwamo mapadri waliosomea seminari. Wanaotaka kila mhubiri awe na shahada ya teolojia, kama Rwanda ilivyoanza kuwadai viongozi wa makanisa mwaka 2018, wana nia njema. Cheti kitapunguza upotoshaji wa Maandiko. Hakitamzuia msomi kuwafungia watu mlango.

Kuhusu mali, Matendo ya Mitume sura ya 5 husomwa nusu. Wahubiri hupenda kifo cha Anania, aliyeuza kiwanja akaficha sehemu ya fedha, na kuruka maneno ya Petro: kiwanja kilikuwa chako kabla ya kukiuza, na baada ya kukiuza fedha zilikuwa katika uwezo wako. Kosa lilikuwa uongo. Kutoa hakukuwa sharti.

Basi anayefikiria kujiunga aulize mambo yanayojibika kwa karatasi. Hati miliki ya ardhi ina jina la nani, la jumuiya iliyosajiliwa au la kiongozi na mkewe? Nani wanatia saini benki, na je, mwanachama wa kawaida huonyeshwa hesabu? Kitambulisho changu nitakaa nacho mwenyewe? Nikiondoka baada ya miaka 10 nitapewa nini? Sheria ya Kanisa haimpi mtawa anayeondoka haki ya kudai malipo ya kazi yake, lakini inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo. Omba pia kuzungumza na mtu aliyetoka. Wakikwambia hakuna, au kwamba wote waliotoka wamelaaniwa, usirudi. Na usiuze chochote katika mwaka wa kwanza.

Jambo linalosahaulika zaidi ni maungamo. Sheria ya Kanisa inamkataza mkuu wa shirika kumshawishi mtawa kwa namna yoyote amfunulie dhamiri yake. Sababu yake ni nzito: anayeshika siri zako na pia ndiye anayeshika chakula chako, amekushika pande mbili. Ukiona kiongozi ndiye mhasibu, muungamishi, mwamuzi wa ndoa na msemaji wa Mungu, hata mafundisho yake yakiwa safi, hapo pana hatari.

Mafundisho safi na matendo mema hayatoshi kuwa kinga. Jean Vanier alianzisha L'Arche mwaka 1964, jumuiya za kuishi na watu wenye ulemavu wa akili, akaheshimiwa dunia nzima. Uchunguzi ulioitishwa na L'Arche yenyewe, ukatangazwa mwaka 2020 baada ya kifo chake, ulionyesha kwamba aliwanyanyasa wanawake kingono. Jumuiya yenye afya nayo hupatwa na uovu. Tofauti ni kwamba hii ilimwita mtu wa nje achunguze, kisha ikayatangaza matokeo.

Watoto wana kipimo chao. Mtu mzima anaweza kuchagua kujinyima. Mtoto hawezi kulichagulia tumbo lake njaa. Kwa Wakatoliki wajibu wa kufunga huanza miaka 18 na kukoma mtu anapoanza mwaka wa 60. Mfungo unaomhusisha mtoto, mjamzito au mgonjwa, au usio na saa ya kufungua, si mfungo tena.

Ndugu wakishaona dalili hizi hukimbilia kumkejeli aliyejiunga, na hapo humpa kiongozi ushahidi kwamba walio nje ni maadui. Ni afadhali kuendelea kupiga simu, kuuliza mambo madogo (umekula nini leo, mtoto amepelekwa kliniki lini), na kuandika tarehe na majibu. Akisikika anajibu huku mtu mwingine akimsikiliza, andika na hilo. Lakini mtoto akinyimwa chakula, shule au matibabu, usingoje kumshawishi mzazi. Piga 116, namba ya bure ya kulinda watoto Kenya, Tanzania na Uganda, kisha nenda polisi siku hiyohiyo na zile tarehe ulizoandika.