Kirusi cha faili hakisafishwi: futa diski yote

Mtu akisikia kompyuta imeingiwa na kirusi, wazo la kwanza ni antivairasi: isakinishe, ichunguze, ifute, kazi iendelee. Kwa programu hasidi za kawaida njia hiyo mara nyingi inatosha, maana zinakaa kwenye faili zake zenyewe, ukizing'oa umemaliza. Kirusi kinachoambukiza faili hakina makao yake. Kinahamia ndani ya programu zako, na ndiyo maana nashikilia kwamba dawa yake kwenye kompyuta ya nyumbani ni moja: okoa nyaraka, futa diski yote, anza upya.

Chukua programu yoyote ndogo ya .exe, yaani faili ya programu ya Windows. Ukiitazama baiti kwa baiti, inaanza na herufi MZ, kisha yanakuja maelezo yanayoiambia Windows ianzie wapi kutekeleza. Virusi vya aina hii kama Sality, Virut na Ramnit huchomeka msimbo wao ndani ya faili, aghalabu sehemu ya mwisho, halafu hupindisha ule mwanzo ili wao watangulie. Wakimaliza, wanaiachia programu halisi. Wewe unaona kikokotoo kimefunguka kama jana. Mara nyingi ukubwa wa faili unaongezeka, lakini usiutegemee: kirusi kiitwacho CIH cha mwaka 1998 kilijigawa kwenye nafasi tupu zilizomo ndani ya faili, na ukubwa ukabaki ule ule.

Antivairasi ikikuta faili ya namna hii ina mambo mawili tu ya kufanya. Ikiifuta, programu imekufa, na ikiwa ni faili ya mfumo, huenda Windows isiwake tena. Ikiitibu, inatoa msimbo wa kirusi na kuurudisha mwanzo wa asili, jambo linalowezekana ikiwa kirusi kiliyahifadhi maelekezo ya awali vizuri. Virut kina sifa mbaya hapo: kimeandikwa kwa makosa, na huacha faili zilizoharibika kiasi kwamba hakuna wa kuzirudisha.

Kuchunguza ukiwa ndani ya Windows hiyo hiyo ni kuchota maji kwa pakacha. Kirusi kiko kwenye kumbukumbu, kimeingia katika programu nyingine zinazoendelea, na kila .exe unayoigusa inaweza kuambukizwa, hata kisakinishi cha antivairasi ulichokipakua sasa hivi. Sality huzima antivairasi, hufunga Task Manager, na hufuta vifungu vya SafeBoot kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, ili hali salama (Safe Mode) isiwake. Matokeo yake ni kuzunguka: faili mia mbili zimetibiwa, unawasha upya, unakuta mia mbili na kumi.

Diski za uokoaji kama Kaspersky Rescue Disk au Dr.Web LiveDisk zina maana zaidi, kwa sababu kompyuta inawakia kwenye flashi na Windows iliyoambukizwa inabaki imelala. Zitumie kujua una kirusi gani, au pale ambapo kuna programu usiyoweza kuipata tena popote. Rudia uchunguzi mpaka ulete sifuri, kisha ndani ya Windows endesha sfc /scannow irudishe faili za mfumo. Hata hivyo, mimi nisingeingiza nywila ya benki kwenye mashine hiyo.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuchomoa kebo ya mtandao na kuzima Wi-Fi, kwani folda za pamoja zinakipeleka kirusi kwenye kompyuta nyingine za nyumbani. Kwenye kompyuta iliyo safi, tengeneza flashi mbili: moja ya Linux, mfumo endeshi mwingine usio Windows, inayowaka bila kusakinishwa, nyingine ya Windows, isiyopungua GB 8. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha siri cha Windows, tafuta kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48; bila huo hutasoma kitu.

Washa kwa Linux, nakili picha, video, muziki, PDF na nyaraka kwenye diski ya nje. Acha .exe, .dll, .scr, .html na zipu zenye visakinishi. Ramnit huingia pia kwenye kurasa za HTML, kwa hiyo kurasa ulizohifadhi nazo ziache. Nyaraka za Word na Excel zichunguzwe kabla ya kufunguliwa, na zikiomba kuruhusu makro, yaani vijiprogramu vilivyomo ndani ya waraka, kataa.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanafomati sehemu C ya diski, yenye Windows, na kuiacha D, kwa kuwa "ina vitu vyangu tu". Kwenye D ndiko kulikolala visakinishi vya miaka mitano, vyote vimeambukizwa. Windows mpya inawaka safi, unasakinisha kicheza video kutoka D, na kabla ya jioni umerudi pale pale. Diski nzima iende. Kisakinishi cha Windows kikifunguka, bonyeza Shift na F10, andika diskpart, kisha list disk. Soma ukubwa wa kila diski kwa makini, na chomoa ya nje yenye nyaraka zako kabla ya kuendelea. Chagua diski ya ndani, kwa mfano select disk 0, halafu andika clean, inayoifuta yote. Amri hiyo haikuulizi mara mbili.

Flashi zote zilizowahi kuchomekwa zina hatia mpaka zithibitishwe. Zifungulie kwenye Linux, okoa nyaraka, zifomati. Nywila badilisha ukitumia kifaa kingine safi, ukianza na ya barua pepe.

Visakinishi vipakue upya kutoka kwa watengenezaji, na programu zilizovunjwa leseni uachane nazo. Ni mlango unaopendwa sana na virusi hivi. Ukibaki na kimoja usichoweza kukipata tena, usikifungue. Bofya kitufe cha kulia juu yake, ingia Properties, kisha Digital Signatures, chagua sahihi na ubofye Details. Faili iliyotiwa sahihi kisha ikaguswa, sahihi yake huonekana batili. Isiyo na sahihi kabisa ipeleke kwanza VirusTotal, tovuti inayochunguza faili kwa antivairasi nyingi, na ikitiliwa shaka na injini kadhaa, iache.