Kebo nene au chaja zenye akili? Wanaotaka kuchimba wasikilizwe

Fyuzi kuu ya nyumba inaweza kuruhusu hata kilowati 20, lakini hakuna anayejenga mtandao wa umeme wa mtaa kwa kiasi hicho. Kwa desturi, wahandisi wanaopanga usambazaji wa umeme huitengea nyumba isiyotumia umeme kupasha joto kilowati 1 au 2 tu, kwa kuwa huyu akipiga pasi, jirani yake kalala. Chaja ya gari la umeme ya ampea 32 kwenye volti 230 huvuta kilowati 7.4, tena kwa saa kadhaa mfululizo. Kwenye kebo ya nyumba 50 iliyopangiwa kilowati 100, magari 20 yakichaji pamoja yanaongeza karibu kilowati 150. Sola za paani nazo husukuma umeme kinyume mchana, volti ikapanda hadi inveta, vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, zikajizima.

Wengi leo wanasema: msichimbe kulaza kebo nene, ratibuni matumizi kwa chaja zenye akili, zinazoweza kuchelewesha au kupunguza kuchaji. Hoja yao ina uzito, maana gharama ya kuimarisha mtandao huwaangukia wateja wote, hata mpangaji wa chumba kimoja asiye na gari. Ujerumani imefuata njia hiyo tangu Januari 2024. Mwendesha mtandao hawezi kukataa kuunganisha chaja au pampu ya joto (mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto) kwa kisingizio kwamba mtandao umejaa, lakini mtandao ukielemewa anaweza kuibana hadi kilowati 4.2, na mteja hupunguziwa ada.

Wanaoeleweka vibaya ni mafundi wanaotaka kebo nene. Wanaitwa wapenda gharama, ilhali hesabu yao ni ya muda mrefu. Kebo ya chini ya ardhi hudumu miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya gharama yake ni kuchimba na kurudishia barabara. Kebo nene pia hupoteza umeme kidogo kuliko nyembamba. Mkondo ukiongezeka mara mbili kwenye waya uleule, upotevu huongezeka mara nne.

Halafu kuna suala la bei nafuu za usiku, ambalo halijapewa uzito wake. Bei ikishuka saa sita kamili, chaja zote huwaka saa sita kamili. Utofauti wa ratiba za majirani, ambao ndio uliowezesha kebo nyembamba kutosha, unafutwa na tangazo la bei. Uingereza, tangu 2022, inataka chaja mpya za nyumbani zichelewe kwa bahati nasibu hadi dakika 10. Hilo linazuia mruko wa ghafla, ila gari linalochaji kwa muda wa saa nne halijali dakika 10: ifikapo saa sita na robo yote yako kwenye kebo moja. Pampu za joto ni ngumu zaidi kuahirisha, kwa sababu baridi kali huzibana nyumba zote usiku uleule.

Hata hivyo si kila mtaa unahitaji kuchimbwa. Jaribio la My Electric Avenue la Uingereza lilikadiria kuwa 32% ya njia za volti ndogo, yaani kebo zinazofikisha umeme majumbani, zitahitaji kushughulikiwa pale 40% hadi 70% ya wateja watakapokuwa na magari ya umeme. Ila lilihesabu chaja za kilowati 3.5, karibu nusu ya zile nilizotaja. Kwa hiyo transfoma za mitaa zifungwe mita kwanza, zionyeshe zinazoelemewa. Na popote mtaro wa umeme unapofunguliwa kwa sababu nyingine, ilazwe kebo nene siku hiyohiyo.