Sifuri moja ya ziada

Mwaka juzi nililipia mzigo wa vitenge kwa simu. Bei 85,000, mimi nikatuma 850,000. Saa tano asubuhi, dukani kweupe, macho yangu wazi kabisa, ila usiku nilikuwa nimepata labda masaa mawili ya usingizi, kama mwezi ule mzima. Mwenye mzigo muungwana, alirudisha baada ya siku nne. Siku hizo nne mwenye fremu alikuwa mlangoni anadai kodi yake.

Kufikia hapo nilishatumia hela nyingi kwenye vipimo. Kichwa kinauma, mwili umechoka: malaria, taifodi, presha, sukari. Yote safi. Hakuna aliyeniuliza nalalaje, na mimi sikutaja. Nani anapanga foleni kusema hapati usingizi? Utaambiwa una mawazo, au una madeni. (Madeni nilikuwa nayo, sikatai.)

Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2011 ulikadiria kuwa mfanyakazi mwenye tatizo la kukosa usingizi hupoteza tija ya siku 11.3 kwa mwaka. Kwa nchi nzima, dola bilioni 63.2. Na nyingi si siku za kubaki nyumbani. Mtu kafika, kasaini, kakaa mezani, akili ndiyo haijafika. Sisi tuliojiajiri hatuna hata mwajiri wa kugawana naye hasara hiyo. Ya dereva wa bodaboda siisemi.

Duka la dawa walinipa vidonge vya mafua, vile vinavyolewesha. Baadaye diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Rahisi kwa bei, ndiyo maana inaponza: mwili unaizoea, na kuiacha ni kazi nyingine. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kilishasema mwaka 2016 kwamba kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, tiba ya kwanza iwe ya kubadili fikra na mazoea, si kidonge. Naamini pale tunapopimwa uzito na presha, swali moja la "unalalaje?" lingeokoa vipimo vingi.

Mimi alinielekeza muuguzi mmoja: amka saa ileile kila siku, hata kama umekesha, usingizi ukigoma, toka kitandani, usigaragare. Wiki mbili za mwanzo nilimchukia. Kiti cha plastiki nilichokuwa nakikalia nikitoka kitandani bado kiko sebuleni karibu na dirisha. Jana nilikikalia kama dakika ishirini, nikarudi kulala.