Shukrani kwa Mchungaji Isiishie Mbele ya Kusanyiko

Tangu miaka ya 1990, desturi iliyoanzia Marekani ya kuutenga mwezi wa Oktoba kwa ajili ya kuwashukuru wachungaji imeingia katika makanisa mengi, na kila unapokaribia, ubishi uleule huzuka: mtumishi wa Mungu ashukuriwe kwa zawadi mbele ya kusanyiko, au ajiwekee thawabu yake mbinguni?

Wanaopinga hawabishi ovyo. Nabii Elisha aliikataa zawadi ya Naamani aliyeponywa ukoma hata aliposihiwa, na Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyeifuata kwa siri aliambulia ukoma huohuo. Samweli alipokuwa akiwaaga Waisraeli aliwataka waseme wazi kama aliwahi kutwaa ng'ombe wa mtu. Mtume Paulo naye alishona mahema Korintho ili kujipatia riziki. Ongeza hapo wachungaji wanaoigeuza ibada ya shukrani kuwa mnada, kila kikundi kikitangaziwa kiwango chake na majina ya waliotoa zaidi yakisomwa kwa sauti, utaelewa kwa nini muumini mwenye busara huona haya kwa niaba ya kanisa lake.

Hata hivyo, Paulo anatajwa nusu tu. Katika 1 Wakorintho 9 aliitetea kwanza haki ya wahubiri kupata riziki kwa Injili, ndipo akasema kwamba yeye binafsi hakuitumia, na katika hoja hiyohiyo akaitaja haki ya mtume kufuatana na mke aaminiye, kama alivyofanya Kefa, yaani Petro. Paulo mwenyewe hakuwa na mke. Alichojinyima alijinyima peke yake. Usiku wa kushona mahema ulikuwa wake, na hakuna mtoto aliyelala njaa kwa sababu ya msimamo wake. Mchungaji mwenye familia anaposifiwa kwa kutodai kitu, wapo wengine wanaolipia sifa hiyo, na hao hawakuulizwa.

Mara nyingi hata siku ya shukrani yenyewe haiwafikii. Mama mchungaji husimamishwa kando ya mumewe, akapewa khanga na kipaza sauti aseme neno, naye hujibu kwa kuwashukuru waliomshukuru. Keshoye simu italia kabla hawajamaliza kula, na mume ataondoka kwenda kwenye msiba. Mtoto wao akikosea jambo ambalo wenzake wote hulikosea, kwake litaitwa aibu ya kanisa, na wapo wazee watakaolijadili kikaoni.

Gumu kuliko yote ni nyumba. Familia nyingi za wachungaji huishi katika nyumba ya kanisa, na hilo huhesabiwa kuwa fadhila; mara nyingine hutajwa kama sababu ya posho kuwa ndogo. Fadhila hiyo hudumu kadiri utumishi unavyodumu. Mchungaji akistaafu, akiugua muda mrefu au akifariki, nyumba hudaiwa kwa ajili ya mchungaji anayeshika nafasi yake, nayo madai hayo ni halali, kwa kuwa kusanyiko haliwezi kukaa bila mchungaji. Aliyeishi humo miaka ishirini kwa posho isiyoacha akiba hukuta hana kiwanja, wala pensheni, kwa kuwa hakukatiwa michango kama mwajiriwa. Mjane hukusanya mapazia aliyoyashona kwa vipimo vya madirisha yasiyo yake, huku waumini waliomwita mama kwa dhati kabisa wakimsaidia kupakia vyombo. Hakuna aliyemdhulumu, na hilo ndilo linalonisumbua: haya yote hutokea mikononi mwa watu wema, wengine wao wakiwa ndio waliochangia kwa ukarimu kila Oktoba.

Hapa hofu ya wapinzani inanisaidia. Wanachokichukia kwa haki ni zawadi isiyo na hesabu, inayopita kutoka mkono kwa mkono na kumfanya mchungaji awe mdeni wa matajiri wake. Mchango wa pensheni ulioandikwa katika bajeti ya mwaka, ukasomwa katika mkutano wa washirika na kukaguliwa kama matumizi mengine, haumfungi kwa mtu yeyote. Vivyo hivyo akiba ya makazi iliyo kwa jina la mume na mke. Likizo inayoheshimiwa na siku moja ya juma isiyo na simu za ofisi hazigharimu karibu chochote. Bahasha ya Oktoba iendelee kwa wanaoipenda, mradi mweka hazina aoneshe kwanza kwamba michango ya miezi tisa iliyopita imekwisha kulipwa.