Tunahesabu mifuko ya yurea, maji hatuyapimi

Jumamosi iliyopita nilishuka bonde la Msimbazi kununua mchicha shambani, maana bei ya genge imenishinda. Kijana anayeniuzia nilimkuta anarusha yurea, konzi nne kwenye tuta lenye urefu wa kitanda. Nikamuuliza kipimo kakitoa wapi. Akacheka: "Anko, mkono ndio mzani." Wa mahindi angalau ana kizibo cha soda, kimoja kwa kila shina. Mchicha mbegu zake zinarushwa, basi na mbolea nayo inarushwa.

Simlaumu. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu hivi na wateja, mimi nikiwemo, tunataka majani mapana ya kijani kilichokolea. Shida ni kile kinachobaki. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho kinachokoleza majani, na mmea ukishashiba umeshiba. Ya ziada hugeuka naitreti, ambayo udongo hauishiki. Mwagilia keni asubuhi na jioni kwenye kichanga, inazama hadi kwenye maji ya visima. Mvua ikipiga, nyingine inaingia mtoni kuelekea baharini, pale Salenda.

Sisi wa Dar tumelelewa kuchemsha maji na kuyachuja kwa kitambaa. Kwa kipindupindu, sawa kabisa. Ila naitreti haiishi kwa moto: maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, na unayemnywesha anapata iliyokolea zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa kuwaangalia hasa wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, kwani ikizidi inaweza kuifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni. Mgawo wa maji ukianza, kama Oktoba 2022 mto Ruvu unaotulisha maji ulipopungua, ni hivyo visima tunavyokimbilia. Jirani yako anayeuza maji ya kisima kwa ndoo, muulize chake kina miligramu ngapi. Atakushangaa. (Vyoo vyetu vya shimo navyo vinatia naitreti humo humo, tusimbebeshe mzigo wote mkulima wa mboga.)

Kuna watakaosema Tanzania bado inatumia mbolea kidogo mno, na kwamba huko Abuja mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliahidi kufika kilo 50 kwa hekta. Kweli, na ruzuku iliyoanza 2022 naiunga mkono. Lakini mwenye njaa na aliyevimbiwa ukiwakalisha sinia moja, wastani wao ni shibe. Mkulima wa mahindi aliyeko mbali na barabara anaihitaji yurea ile ile inayomwagwa ovyo hapa bondeni.

Sheria ipo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Msimbazi, mita 60 ni bustani nzima ya mtu! Matokeo yake ni operesheni: leo mboga zinang'olewa, wiki ijayo matuta yamerudi. Mimi ningependa masharti madogo yanayotekelezeka. Mita kumi za ukingoni zisiguswe na mbolea, zipandwe majani ya tembo. Anayepima yurea kwa kilo dukani alazimike kutoa na kikopo chenye mstari, kwamba hiki ni cha tuta moja. Visima vipimwe kabla na baada ya masika, majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, yasomwe na kila mtu.

Nilimweleza kijana habari ya majani ya tembo. Ikamwingia haraka kuliko nilivyodhani, kuna mzee Tabata ana ng'ombe wawili na kila siku anatafuta majani ya kununua. Kisha akatazama mtoni. "Lakini anko, nikiacha hapo mbele nisilime, kesho atakuja mwingine alime yeye."

Huyo mwingine ni wa mwenyekiti wa mtaa kumzuia, na kwa mita kumi anaweza.